Spika za zamani kutoka mitumba ya Kongowea: foamu imeoza, twita moja kimya. Nitengeneze au nibadilishe?

mvita_besi

Salaam aleikum wakuu. Nimepata pea ya Wharfedale za Uingereza kwenye mitumba ya Kongowea hapa Mombasa, shilingi 3,000 zote mbili. Wufa (spika ya besi) ni ya inchi 8, twita ndogo (ya sauti za juu) juu yake, na boksi limezibwa kote, halina tundu la hewa. Lebo ya nyuma bado inasomeka 8 ohms lakini jina la modeli limefutika. Foamu za wufa zote mbili (ringi laini za ukingo wa koni) zimeoza, ukizigusa zinagandia kidoleni na kuacha weusi. Koni ni za karatasi, nzima, hazijachanika. Twita ya spika moja haitoi sauti kabisa. Halafu boksi moja limevimba chini, yaonekana lilikaa kwenye sakafu yenye maji.

Fundi mmoja wa mtaani anasema nisihangaike: nitoe wufa hizo, niweke za gari za inchi 8 na twita za piezo, eti zitapiga kuliko mwanzo. Ampu yangu ni ya wati 40 kila upande, nyuma imeandikwa 8 ohms kwenda juu. Nimsikilize?

koili_baridi

Aleikum salaam. Usimsikilize. Wufa nyingi za gari ni za ohm 4, na ampu yako imeshakwambia inataka 8. Ukiifungia 4 itavuta mkondo karibu maradufu, itachemka, na siku ya kupandisha sauti zitaondoka transista za mwisho. Tena sabwufa ya gari ina koni nzito. Kwa wati ile ile sauti yake huwa chini desibeli 3 au zaidi ukilinganisha na wufa nyepesi ya nyumbani, na kila desibeli 3 unazotaka kuzirudisha zinadai wati mara mbili. Wati 40 hazina akiba hiyo.

Kubwa zaidi ni boksi lenyewe. Boksi lililozibwa hutumia hewa ya ndani kama springi ya koni. Mtindo huo uliingizwa sokoni na kampuni ya Acoustic Research ya Marekani mwaka 1954, Edgar Villchur akiwa ndiye mbunifu wake. Ujazo wa boksi umepimwa kwa wufa ile ile iliyomo. Ukitia nyingine kwa sababu tu inaingia kwenye tundu, utapata besi ya kuvuma noti moja, au hutapata besi kabisa.

Piezo nayo haina koili (waya uliozungushwa unaosukuma koni). Umeme unaiona kama kapasita. Krosova (sakiti inayogawa besi na sauti za juu) iliyokokotolewa kwa twita ya ohm 8 haiwezi kuichuja ipasavyo, na matokeo ni ule ukali wa kutoboa masikio unaousikia kwenye matatu.

Kabla hujanunua hata gundi, fungua wufa, toa waya, upime kwa mita ya ohm. Wufa ya ohm 8 iliyo nzima husoma kati ya 5.5 na 7 hivi. Mita isiposogea kabisa, koili imekatika. Ikisoma 1 au 2, imeungua na kushikana. Halafu weka vidole vinne kuzunguka koni, karibu na katikati, uisukume ndani taratibu na kwa usawa huku sikio likiwa karibu. Isikike kimya. Ukisikia mkwaruzo wa mchangamchanga, kuna kutu kwenye mwanya wa sumaku, na hapa kwetu kwa hewa ya chumvi hilo ni jambo la kawaida. Ikigoma kabisa kusogea, huenda spika ilianguka sumaku ikahama, na hiyo usipoteze pesa. Ila kumbuka foamu ikishaoza koni huweza kulala upande na kukwaruza kidogo, kwa hiyo jaribu tena ukiwa umeiinua kwa kidole ikae katikati.

fundi_tudor

Naongeza ya foamu, maana hapo ndipo wengi huharibu.

Foamu hiyo ni ya polyurethane. Joto na unyevu ndivyo vinavyoivunja, ndiyo sababu pwani huoza mapema kuliko bara. Usijaribu kuipaka gundi ili ishikane, na usikate sponji ya godoro. Inauzwa ringi yake, tayari imefinyangwa.

Ukienda kuulizia usiseme "ya inchi 8" ukanyamaza. Pima kwa milimita: kipenyo cha koni bila foamu, kipenyo cha fremu kwa ndani na kwa nje pale foamu inapokalia, na upana wa lile tuta la foamu kama bado linaonekana. Milimita 3 zikizidi, ringi haikai. Angalia pia ya zamani ilibandikwa mbele ya koni au nyuma yake, na mpya uirudishe upande uo huo, la sivyo koili itakaa juu au chini ya mahali pake. Ukikosa Mombasa, ulizia Luthuli Avenue kule Nairobi, utumiwe na basi.

Kusafisha: toa foamu kwa kucha na kisu butu cha plastiki, kisha malizia mabaki kwa vijiti vya pamba vilivyochovywa spiriti ya duka la dawa. Kwenye fremu ya chuma sugua upendavyo. Kwenye karatasi gusa tu, usiloweshe. Thina na petroli weka mbali. Zikichuruzika hadi kwenye koili zinalegeza gundi yake.

Sasa kuweka koni katikati. Kata kile kikofia cha katikati kwa wembe mkali, uache ukingo wa milimita 2 ili kirudi mahali pake. Utaiona nguzo ya chuma na koili ikiizunguka, na kati yao mwanya mwembamba. Hapo unapitisha vipande vinne vya filamu ya eksirei iliyotumika, upana wa milimita 5, urefu kama sentimita 5, pale penye saa 12, 3, 6 na 9. Viingie kwa kubanwa kidogo, visilazimishwe. Vikigoma tumia plastiki nyembamba ya jalada la ripoti. Vikiingia vyote bila kuifinya koili, koni haina pa kwenda.

Kwa koni ya karatasi, gundi nyeupe ya mbao inatosha. Inakupa muda wa dakika kumi hivi kusogeza ringi kabla haijashika. Supagluu haikupi muda huo, na ile ya viatu hunata hapo hapo ulipogusisha. (Koni ingekuwa ya plastiki, gundi nyeupe isingeshika, ungehitaji ya mpira.) Paka ukingo wa koni, laza ringi, zungusha kidole mpaka ishike pote, uache usiku kucha. Kesho yake ndipo ubandike kwenye fremu, ubane kwa vibanio vya nguo. Ipe gundi saa 24, na wakati wa masika usiguse kabla ya 48. Toa filamu, sukuma koni kama alivyoeleza koili_baridi, na ikiwa kimya rudisha kikofia kwa gundi kidogo. Gundi nyingi pale inaongeza uzito, na ikidondokea mwanyani kazi yote inarudi mwanzo.

Na usipake koni rangi ya viatu ili ing'ae. Mafundi wanaipenda sana hiyo, ila karatasi inanyonya nta na kuwa nzito.

pwani_haifai

Fundi, kwa nini arudishe kitu kilekile kinachooza? Kuna ringi za mpira. Hapa Mombasa mimi ningeweka mpira nikasahau.

fundi_tudor

@pwani_haifai mpira unadumu, hilo sina ubishi. Lakini ringi nyingi za mpira ni nzito na ngumu kuliko foamu. Ugumu ukizidi, masafa ya asili ya wufa (kasi ambayo koni hutikisika yenyewe) yanapanda, na besi ya chini inapungua. Uzito ukizidi, sauti nzima inashuka. Kwenye wufa ya inchi 8 iliyotoka kiwandani na foamu utaisikia tofauti. Akipata mpira mwembamba unaobonyea kwa kidole kama foamu, aweke, na aweke spika zote mbili. Asichanganye moja foamu, moja mpira.

bi_risasi

Twita kimya sio lazima iwe imekufa. Badilisheni kwanza: chukua twita ya spika inayolia, iunge kwenye krosova ya ile isiyolia. Ikilia, krosova ni nzima na tatizo ni twita yenyewe. Isipolia, tatizo liko kwenye krosova hiyo, kapasita au waya, na twita yako ya kimya huenda ni nzima. Ipime kwa mita uhakikishe.

Kapasita za zamani kwenye spika za aina hii ni elektrolitiki zisizo na chanya na hasi. Ndani mna majimaji, na baada ya miaka 40 yanakauka. Twita inafifia polepole mpaka mtu anadhani ndivyo ilivyo. Badilisha pande zote mbili hata kama moja bado inalia. Usiweke elektrolitiki ya kawaida yenye alama ya hasi. Kwenye umeme wa sauti itachemka na kuvimba. Ukikwama kabisa chukua mbili zenye thamani moja, ziunge hasi kwa hasi, na upate nusu ya thamani: mbili za 10 µF zinakupa 5.

Ila kuna njia nzuri zaidi na iko kila duka la umeme mjini. Kapasita ya feni ya dari. Nyingi ni za filamu ya polipropilini, hazina chanya wala hasi, na voltiji yake ni kubwa kupita mahitaji ya spika. Tafuta iliyoandikwa thamani unayotaka, au unganisha mbili sambamba, zinajumlishwa: 2.5 na 1.5 ni 4. Nunua mpya yenye waya mbili tu, na uipime kwa mita yenye sehemu ya kapasita kabla ya kulipa, maana za bei rahisi nyingine husoma chini ya kilichoandikwa. Isipite asilimia 5 juu au chini. Na usichanganye na kapasita ya kuwashia mota ya pampu ya maji. Ile ni elektrolitiki ya kazi ya sekunde chache.

Filamu ina upinzani mdogo kuliko elektrolitiki kuukuu, kwa hiyo twita itapanda kidogo. Ikiwa kali kwa masikio yako, weka rezista ya saruji ya ohm 1, wati 5, mfululizo na kapasita.

seremala_mtongwe

Boksi lililovimba: likauke kwanza kivulini wiki nzima, mbali na jua. Changanya gundi nyeupe na maji kidogo, ipenyeze kwenye nyufa kwa sindano, funika kwa nailoni, bana kati ya mbao mbili kwa klempu. Baada ya siku moja piga msasa namba 120 kisha 240. Chipboard iliyovimba hairudi unene wake wote. Ikimung'unyika kabisa, kata kipande hicho utie mbao nyingine ya unene ule ule.

Tundu la skrubu likiwa limelegea, jaza njiti za kiberiti zenye gundi, kata usawa, kisha rudisha skrubu kwa mkono. Chini ya fremu weka utepe wa sponji wa milango. Usizibe kwa silikoni yenye harufu ya siki, mvuke wake unakula shaba, na siku ya kufungua utaing'oa fremu na vinia (tabaka jembamba la mbao la juu) pamoja.

Ukimaliza, sukuma wufa ndani polepole kisha iachie. Boksi lisilovuja linairudisha taratibu. Ikiruka hapo hapo, kuna mahali hewa inapita, na mara nyingi ni kwenye soketi za nyuma.

mvita_besi

Ahsanteni sana. Nimepima. Wufa 6.4 na 6.5, hazikwaruzi. Twita nzima inasoma 5.9, ile nyingine mita haisogei. Nimeihamishia nzima kwenye krosova ile, ikalia. Kapasita zimeandikwa 4 µF 50V, na mita inasoma 5.6 na 6.1. Soketi za nyuma ni zile za DIN, tundu moja la duara na jingine bapa.

bi_risasi

Kusoma juu kwa elektrolitiki ya zamani ni dalili ya kuvuja, usiifurahie. Zitoe zote mbili.

Twita: kabla ya kuihukumu, angalia kwa lenzi zile nyuzi nyembamba zinazotoka kwenye terminali kuingia kwenye kuba. Hukatika pale pale kwenye risasi, zaidi zikiwa na kijani cha kutu. Kwangua kijani, gusa kwa chuma cha kulehemu sekunde 2 au 3, usizidi, plastiki itayeyuka. Ikiwa imekatika ndani ya koili, nunua twita mbili mpya, sio moja, ili pande zilingane. Ziwe za ohm 8. Kwa 4 µF na ohm 8 mgawanyo unaangukia karibu na 5,000 Hz, kwa hiyo tafuta twita ambayo masafa yake ya asili yako chini ya 2,000 Hz, na pima tundu la boksi kabla hujalipa.

koili_baridi

DIN zitoe, weka terminali za kubonyeza. Kwenye soketi ile, upande wa duara ndio chanya na bapa ni hasi.

Kabla ya kufunga boksi gusa wufa kwa betri ndogo ya 1.5V, chanya ya betri kwenye chanya ya wufa, sekunde moja tu. Koni inatoka nje kwenye zote mbili. Ikiingia moja, waya zimegeuka, na spika hizo ukizipiga pamoja besi zitafutana. (Mwenye JBL za zamani asishtuke, kwenye nyingi za hizo chanya huvuta koni ndani.) Twita usiiguse kwa betri, fuata rangi za waya kama zilivyokuwa, na kama hukuziandika, fungua ile spika nyingine ambayo hujaigusa utazame.