Tupeane uzoefu: sare za zamani za jeshi tunazozikuta ndani ya mabelo ya mitumba

Mleta mada, Dar es Salaam

Wakuu, salaam. Nauza makoti ya mitumba pale Karume mwaka wa kumi na moja huu, na kuna jambo moja bado linanisisimua kama siku ya kwanza. Unakata mikanda ya belo, makoti yanafumuka, halafu katikati ya majaketi ya kina mama linachomoza gwanda la jeshi la nchi ya mbali. Vifungo vizito, kitambaa kigumu, na ndani kuna maandishi.

Hayo maandishi ndiyo yaliyonitia ugonjwa huu. La kwanza kupata lilikuwa koti la sufu la kijivu, lina muhuri wa wino ndani ya mfuko. Nikalitia kwenye maji ya moto na dawa ya madoa ili ling'ae. Likasinyaa hadi likamtosha mtoto wa darasa la nne, na muhuri ukafutika wote. Mpaka leo sijui lilikuwa la jeshi gani. Tangu hapo nina daftari: kabla ya kugusa maji, nanakili kila herufi na kila namba.

Sasa tuseme wazi kuhusu sheria, maana kuna vijana wanasoma hapa. Nguo za mabakamabaka si za kuchezea. Agosti 2023 JWTZ lilitoa siku saba kwa raia wenye sare za jeshi au mavazi yanayofanana nazo wazisalimishe. Nilikuwa nayo mawili, moja la Kijerumani na jingine la Mmarekani. Mshirika wangu alishauri tuyatie rangi nyeusi tuyauze. Nilikataa, nikayanakili daftarini, nikayapeleka mwenyewe. Nilisikitika njia nzima, lakini siku hizi nikikuta mabaka kwenye belo silali nayo.

Haya, leteni. Umekuta nini, ulikitambuaje, unakitunzaje?

Fundi cherehani, Ngamiani, Tanga

Shikamoo kwa wakubwa, wengine hamjambo. Mimi sikusanyi, nina moja tu, na nitaeleza kwa nini.

Babu yangu mzaa mama alikuwa Keya, yaani askari wa King's African Rifles (KAR), jeshi la mkoloni Mwingereza, akapelekwa Burma mwaka 1944 na Divisheni ya 11 ya Afrika Mashariki. Walishuka Bonde la Kabaw wakati wa masika ya huko, na kila alipolisimulia alianza na matope, kisha malaria, vita vikaja mwishoni. Aliporudi alikuwa mlinzi wa usiku kwenye shamba la mkonge, na alichokuwa nacho kuliko watu wengine pale kijijini ni kabuti. Kabuti lile lilikuwa joho lake, blanketi lake, na sisi wajukuu lilikuwa hema letu. Alipofariki likagawiwa, aliyelipata akalivaa likaisha.

Miaka sita iliyopita mteja aliniletea kabuti la mtumba nilikate nimshonee koti fupi. Nililifunua nikakaa chini. Ukosi mpana, safu mbili za vifungo vya shaba vyenye simba na farasi mwenye pembe, yaani nembo ya mfalme wa Uingereza. Ndani, alama ya mshale wenye vidole vitatu kama unyayo wa kuku. Hiyo alama Waingereza walikuwa wanapiga kila mali ya serikali, kuanzia majembe hadi nguo. Na lebo ikaandika muundo wa 1940.

Sikulikata. Nilimwomba yule mama, nikamshonea koti jingine kwa kitambaa changu, akaniachia. Najua si lile la babu. Lakini mama yangu alipoliona alilishika mkono wa koti kama unavyomshika mtu mkono, akaanza kunisimulia mambo ya babu ambayo sikuwahi kuyasikia.

Utunzaji: Tanga kuna joto na unyevu, nondo wanapenda sufu kuliko wanavyopenda kanga. Lilitoboka sehemu mbili kabla sijajifunza. Sasa kila baada ya miezi michache nalianika kivulini siku nzima, nalipiga brashi hasa chini ya ukosi na kwenye mishono, halafu nalifunga kwenye shuka safi la pamba. Plastiki usiweke, linatoa jasho.

Muuza mtumba, Gikomba, Nairobi

Hamjambo ndugu. Hapa kwetu pia raia haruhusiwi kuvaa jungle, yaani mabaka, ya jeshi, na polisi hawana mzaha na hilo. Kwa hivyo mimi nakusanya lebo na vifungo pekee, tena vya makoti yaliyoraruka, yasiyofika kamera, yaani daraja la kwanza. Nina mkebe wa biskuti umejaa.

Wacha niwape kitu kimoja kitakachowasaidia. Nguo nyingi za majeshi ya NATO kuanzia katikati ya miaka ya 1970 zina namba ya tarakimu 13. Nne za kwanza ni aina ya kitu. Ukiona 8415 au 8405, hizo ni nguo. Mbili zinazofuata ni nchi iliyoisajili: 00 na 01 Marekani, 12 Ujerumani, 14 Ufaransa, 15 Italia, 17 Uholanzi, 21 Kanada, 99 Uingereza. Usiangalie lugha ya lebo, angalia hizo mbili. Nimekosea mara nyingi kabla ya kuzijua.

Mchambuaji nguo, Leipzig, Ujerumani

Mimi niko upande wa pili wa belo. Nachambua nguo kiwandani, mkanda unapita mbele yangu, nina sekunde chache kuamua: Afrika, duka la hapa, au kuchanwa iwe vitambaa vya kufutia mashine.

Niliokoa suruali ya jeshi la Ujerumani Mashariki, ile yenye vistari vidogo kama mvua inayonyesha. Jeshi hilo lilivunjwa Oktoba 1990, nchi zilipoungana. Saizi yake imepigwa muhuri m48. Hiyo m ni ya urefu wa kati, mwenye mwili mrefu sana huandikiwa sg. Sikuiweka mfukoni, ndugu zangu. Nilimfuata msimamizi nikailipia na kupewa risiti, kwa sababu kubeba kitu kwenye mkanda ni wizi na watu wamefukuzwa kazi kwa soksi.

Mwanachama, Ohio, Marekani

Huku kuna maduka ya mitumba yanayouza kwa ratili. Meza zinaletwa na magurudumu, mnasubiri pembeni, mkiruhusiwa ndipo mikono inaingia. Nilipata koti la jeshi la Marekani aina ya M-65, kijani kibichi. Lebo ina mkataba unaoanza DSA 100-69, yaani mkataba wa mwaka 1969. Hiyo DSA, yaani wakala wa ugavi wa jeshi la Marekani, ilitumika hadi 1977, baadaye inaandikwa DLA.

Juu ya mfuko wa kulia kuna utepe wenye jina la ukoo la aliyelivaa. Rafiki zangu walinishauri niutoe ili koti lipendeze. Sitoi. Nimejaribu kutafuta familia yake, jina ni la kawaida mno, sijafika popote. Natamani wangelipata. Mpaka hapo linakaa kabatini na jina lake.

Mleta mada

Fundi, pole kwa babu, na asante kwa kutokulikata lile kabuti. Kama mama bado anasimulia, tafadhali andika.

Dada wa Gikomba, baada ya kusoma maneno yako nimelitoa daftari la 2023. Lile la Kijerumani ni 8415-12, sawasawa. Hili jingine nililoliita la Mmarekani kwa sababu ya Kiingereza, nimeandika kwa mkono wangu mwenyewe 8415-99, saizi 180/104. Mvaaji alikuwa mtu wa sentimita 180, kifua 104, na jeshi lake ni la Uingereza. Nimekata neno "Marekani" kwa kalamu nyekundu, nimeandika juu yake.