Nikichomoa diski ya zamani, Windows kwenye SSD mpya haifunguki

MamaMontaji_Katuba

Jambo yenu wakubwa. Nafanya montaji ya video za ndoa nyumbani, hapa Katuba, Lubumbashi. Mashini ya zamani ilikuwa inachoka, nikaunganisha nyingine mwenyewe: Ryzen 5 5600G, ubao mama wa B550, RAM ya GB 16 na SSD (diski ya kisasa isiyozunguka) ya M.2 ya GB 500. Kasha ni lile zito la chuma lililokuja kutoka Ubelgiji pamoja na klavye yake, maana makuta (pesa) yaliishia kwenye RAM. Diski ya TB 2 nimeihamisha kutoka mashini ya zamani. Hiyo ndiyo imebeba ndoa za watu, kuanzia mahari mpaka kukata keki, na Windows 10 ya zamani ilikuwa humo humo.

Windows 11 niliiweka kwenye SSD, inawaka haraka kabisa. Juzi dada yangu akaja kuazima ile diski ya TB 2 akanakili ubatizo wa mtoto wake. Nikazima, nikachomoa kabeli, nikawasha: ekra nyeusi, maandishi meupe, naambiwa nichague diski ya kuwashia. Nikaichomeka tena, Windows ikafunguka kama hakuna kilichotokea!

C:, yaani sehemu yenye Windows, iko kwenye SSD, naiona, GB 465. Sasa inaidai nini diski ya zamani? Mtu mmoja mjini ameniambia SSD ni feki, ninunue nyingine. Kabla sijatoa dola zingine naomba mawazo yenu.

Patou_Ruashi

Dada, bonyeza Delete wakati inawaka, ingia BIOS (mipangilio ya mashini kabla ya Windows), weka SSD namba moja kwenye orodha ya kuwashia. Mimi shida iliishia hapo.

MamaMontaji_Katuba

Nimeingia. SSD inaonekana mahali pa diski zote, jina lake lipo, lakini kwenye orodha ya kuwashia haimo. Kuna «Windows Boot Manager» na pembeni yake jina la diski ya TB 2. Basi.

FundiKamalondo

Mama, SSD yako ni nzima. Dola zako zikae. Hilo jina ulilolikuta pembeni ya Windows Boot Manager ndilo jibu.

Mashini ya UEFI (mtindo wa kisasa wa kuwaka) haianzii kwenye C:. Inaanzia kwenye kijisehemu kilichofichwa, cha FAT32, mara nyingi MB 100 tu, kinachoitwa EFI. Humo kuna kijiprogramu cha kwanza kinachojua Windows imelala wapi. Siku unaweka Windows 11, diski zote mbili zilikuwa ndani. Programu ya kuweka Windows ikakuta EFI ya Windows 10 kwenye diski ya zamani, ikaitumia hiyo hiyo, haikutengeneza nyingine. Umehamia nyumba mpya lakini ufunguo umebaki kwa jirani.

Hakikisha kwanza: kitufe cha Windows pamoja na X, kisha Gestion des disques (usimamizi wa diski). Tafuta neno EFI. Liko mstari wa SSD, au mstari wa TB 2?

Kama liko TB 2, njia ziko mbili. Kuna ya amri: unapunguza C: kidogo, unatengeneza EFI kwenye SSD kwa diskpart (programu ya amri ya kugawa diski), unaipa herufi S, halafu unaandika bcdboot C:\Windows /s S: /f UEFI. Nimeitumia kwa wateja wengi, inakubali. Lakini hatua za diskpart siwezi kumwandikia mtu ambaye sioni mikono yake. Diskpart haikuulizi «una hakika?» Ukichagua diski 0 badala ya 1 na kuandika clean, orodha ya sehemu zote za diski imefutwa, na hakuna bibi harusi atakayevaa shela upya kwa sababu yako.

Wewe mashini yako ni mpya, kwenye C: huna kitu cha kulilia. Zima, toa umeme ukutani, chomoa TB 2 kabeli zote mbili, ya data na ya umeme. Washa kwa ile flashi ya Windows, futa sehemu zote za SSD mpaka ibaki «espace non alloué» (nafasi isiyogawiwa) peke yake, endelea. Itajitengenezea EFI yake. Mimi hata diski ikiwa tupu naichomoa, sijali mteja akinicheka.

Umeme ukikatika katikati usiogope, utaanza upya tu. Usichoruhusiwa kugusa bila onduleri (betri ya akiba ya mashini) ni kuboresha BIOS. Hapo umeme ukikatika ubao mama unaweza kufa.

Tux_Lshi

Au achana na Windows kabisa. Linux Mint 22, faili ya karibu GB 3, itapata masasisho mpaka 2029, na haikudai akaunti wala intaneti ili kuiweka.

FundiKamalondo

Tux, Mint naipenda, lakini hapa haiponyi kitu. Programu yake ya kuiweka nayo hupenda kutupa kiwashio kwenye EFI ya diski ya kwanza, hata ukiichagulia nyingine. Kabeli utachomoa vile vile.

MamaMontaji_Katuba

Na programu yangu ya montaji ni ya Windows tu, Tux, pole. Papa Fundi, EFI iko kwenye TB 2, umesema kweli. Nataka kuanza leo jioni, ila mara ya kwanza ilikataa kuendelea bila intaneti na mashini haina Wi-Fi, ikabidi niibebe mpaka kwa jirani. Tena alama ya @ ilinihangaisha, nabonyeza inatoka nyingine.

FundiKamalondo

Usibebe mashini. Chomeka simu yako kwa kabeli ya USB, washa partage de connexion (kugawa intaneti) ya USB kwenye simu, Windows itaiona kama kadi ya mtandao. Ukishaingia tu, nenda kwenye mipangilio ya mtandao, uiweke «connexion limitée» (intaneti ya kipimo), la sivyo masasisho yatakula forfe (bando) yako yote kabla hujafungua hata picha moja.

Ya @: klavye ya Ubelgiji inaitoa kwa AltGr na 2, ya Ufaransa kwa AltGr na 0. Zote ni AZERTY (mpangilio wa herufi wa Kifaransa), ndiyo maana hukushtuka. Ikikuuliza klavye, chagua ile ya Ubelgiji.

MamaMontaji_Katuba

Imekubali! EFI iko kwenye SSD, ya MB 100 kama ulivyosema, na @ imetoka mara ya kwanza. TB 2 iko kwa dada, Windows inafunguka bila diski hiyo. Aksanti sana Papa. Akiirudisha naichomeka tu?

FundiKamalondo

Chomeka, mashini ikiwa imezimwa. Kwenye BIOS utakuta Windows Boot Manager mbili sasa. Ya SSD iweke juu. Ile ya zamani iache ilivyo, usifute chochote kwenye diski hiyo mpaka uwe na nakala ya ndoa zote mahali pengine.