Nawazoeshaje watoto wadogo mila za Mwaka Mpya wa Kichina bila kuwatisha?

mama_wawili
Wadau habarini. Mi niko Foshan, mkoa wa Guangdong huku China, mwaka wa sita huu, mume ni mtu wa hukuhuku, tuna watoto wawili, binti kafikisha minne mwezi huu na mdogo wake anaelekea miwili. Sasa Mwaka Mpya wao unaangukia tarehe 17 Februari 2026 na safari hii mkesha tunaufanyia kwa wakwe, ukoo mzima, na mama mkwe kashanitupia neno kwa ule upole wake kwamba wajukuu wanakua hawajui ya kwao. Na kweli hawajui, kosa letu, kila mwaka tulikuwa tunakimbilia likizo.

Shida yangu ni hii. Mwaka jana simba wa ngoma walipopita mtaani, yale matoazi, lile kope linapepesa, binti aliingia ndani ya sketi yangu akalia mpaka yule kijana aliyebeba kichwa akakivua kumwonyesha kwamba ni mtu tu, ndo akazidi kulia maana sasa simba kakatwa kichwa. Nikajaribu njia nyingine, nikamsimulia wanyama wa miaka 12, kila mwaka na mnyama wake. Kazaliwa Januari 2022, na mwaka wa chuimilia ulianza tarehe 1 Februari, kwa hiyo yeye bado ni ng'ombe. Mdogo wake ni wa 2024, joka. Eti kwa nini yeye joka halafu mimi ng'ombe? Siku tatu hatusemezani.

Nianzie wapi na watoto wa umri huu? Na ile hadithi ya zimwi Nian niwaambie au niiache kwanza?

tichaa_wa_chekechea
Pole dada, na hongera kwa kujaribu. Mi nafundisha chekechea Shenzhen, kila mwaka tunapitia hayahaya, na nilichojifunza ni kwamba mtoto wa miaka minne hahitaji historia, anahitaji kazi ya mkono. Mpe shughuli moja ambayo bila yeye haifanyiki.

Kuhusu simba, usimpeleke kwenye maonyesho, mpeleke kwenye mazoezi. Hapo Foshan vikundi viko vingi, omba mumeo aulizie. Kichwa kikiwa kimewekwa chini kimya, mwache akiguse, humo ndani kuna kamba ya kuvuta kope, akiivuta mara mbili tatu mwenyewe woga unapungua sana. Halafu siku yenyewe mpe jani la saladi alishike. Unajua simba anakula saladi kwa sababu jina lake kwa Kichina linasikika kama kupata utajiri, anatafuna anawatemea watu, ndo baraka hiyo. Mtoto anayemlisha simba hamkimbii.

Hongbao nazo, zile bahasha nyekundu za hela ya sikukuu, fanyeni mazoezi nyumbani na bahasha tupu. Apokee kwa mikono miwili, atoe salamu ya mwaka mpya kwanza, na ASIFUNGUE mbele ya aliyempa, hapa ndo watoto wetu wanapotuaibisha. Kingine, huku kwetu Guangdong wanaotoa ni waliooa na kuolewa, kiasi chenyewe kidogo tu, sasa mtoto akimkingia mikono shangazi ambaye hajaolewa wanaona aibu wote wawili, maana hapo ndo mada ya ndoa inapofunguliwa mezani.

Mfundishe pia "sui sui ping an". Kikivunjika chombo siku hizo ni mkosi, lakini neno la kuvunjika linasikika sawa na la mwaka, kwa hiyo unasema haraka "amani mwaka hadi mwaka" na mkosi umegeuka. Na mwenye kuvunja, tukubaliane, atakuwa wa kwako.

baba_wa_kaskazini
Huku Harbin mambo ni jiaozi, yaani kama sambusa ya kuchemsha, mkesha familia nzima inakaa mezani inakunja. Wanangu nawapa donge lao la unga, wanalikanda mpaka linakuwa jeusi, tunalichemsha na lenyewe, lao wanalijua na wanalila wenyewe kwa fahari. Angalizo moja kubwa, wazee wengine wanaficha sarafu ndani ya jiaozi moja, atakayeipata ana bahati ya mwaka. Kwa mtoto wa miaka miwili hiyo si bahati ni hospitali. Sisi tunaweka kipande cha tende. Karanga nayo usimpe huyo mdogo, na zile tangyuan za siku ya 15 ya mwaka mpya, vidonge vya unga wa mchele wa kunata, vinateleza na kunasa kooni, mkatie vipande vidogovidogo au asile kabisa, bibi akinuna anune.

Na wiki moja kabla kuna mungu wa jikoni, anapanda mbinguni kutoa ripoti ya nyumba, anapakwa peremende ya kunata mdomoni aseme matamu tu. Mwanangu alipoisikia hiyo akaomba na yeye kupaka mdomo wa mwalimu wake.

sina_haraka
Mi kwa Nian napingana na wengi. Niliwasimulia wangu vizuri tu, zimwi linatoka usiku wa mkesha kula watu, halafu bibi yao akaongezea la kwake la Sui, kile kizuka kinachogusa vichwa vya watoto waliolala, ndo maana zinawekwa hela chini ya mto. Usiku huo hakuna aliyelala, mimi nikiwemo. Usiwaambie mpaka wafike sita hivi.

tichaa_wa_chekechea
@sina_haraka hapo umeanza na meno. Anza na woga wa zimwi lenyewe, Nian anaogopa wekundu, moto na kelele. Nasi tunampa mtoto nguo nyekundu na mfuniko wa sufuria, miji mingi fataki zimezuiwa siku hizi kwa hiyo mfuniko ni halali kabisa, anapiga yeye, zimwi linakimbia yeye. Sui mwache bibi abaki naye.

@mama_wawili nimesahau la ng'ombe! Msimulie mbio za wanyama hao 12 kuvuka mto, zilizopanga nani atangulie. Ng'ombe ndo alikuwa wa kwanza kabisa, panya kampanda mgongoni akaruka mbele dakika ya mwisho. Kwa hiyo ng'ombe wa pili. Joka, pamoja na kuruka kwake kote, katoka wa tano.

mama_wawili
Nimerudi na mrejesho. Mazoezi ya simba tulienda mara mbili, ya kwanza alisimama mlangoni hakuingia, sikumlazimisha, ya pili akavuta kope mpaka wenyewe wakaomba kichwa chao. Siku ya siku kapeleka saladi kwa mkono ulionyooka huku uso kageuzia pembeni, katemewa majani kichwani, kakataa kuyaosha jioni. (Bibi kafurahi, siku hiyo ni mwiko kuosha nywele hata hivyo.)

Bakuli lilivunjika. Nililivunja mimi, la mama mkwe, lile la maua ya bluu. Meza nzima kimya, mimi ulimi umekauka, binti kutoka chini ya meza huko akapaza "sui sui ping an!" na babu yake akacheka mpaka kikohozi.

Hongbao karibu salama, kafungua moja tu, bahati nzuri chooni. Bado tunabishana na baba yake nani anazitunza.

Na mbio za wanyama nilimsimulia, asante ticha, ila sasa mdogo wake hamwiti tena jina. Anamwita Watano.