Tunalipia gemu kisha tunaambiwa si zetu. Huu ni wizi

Wakuu, nimenyamaza sana, leo nasema. Kampuni za gemu zinachukua hela yetu yote halafu zinabaki na kitu chenyewe mkononi, na sisi kila mwaka tunawapelekea tena.

Mimi si mtu wa kukesha kwenye gemu. Nina kazi na familia, nacheza kidogo usiku watoto wakishalala na wikendi nikipata upenyo. Mchezaji wa aina yangu anataka aweke CD, ashike padi, acheze. Zamani ilikuwa hivyo. PS2, yaani mashine ya gemu ya PlayStation 2 ya Sony, imetoka mwaka 2000 na mpaka leo ziko kwenye vibanda vya gemu huku uswahilini, padi zimefungwa raba, na watoto wanapanga zamu ya mechi. Haijawahi kumdai mtu intaneti.

Sasa nunua gemu ya kisasa uone. Juzi juzi nimechukua CD ya mpira ya PS4, mpya kabisa, nailoni haijachanwa. Naiweka, inajinakili kwenye mashine, nasubiri. Imemaliza, inaniambia kuna apdeti ya zaidi ya GB 30. Kwa bando la simu hiyo ni hela ya mboga ya siku kadhaa. Nikazima intaneti makusudi ili nicheze kile kilichomo kwenye CD niliyoilipia. Ikafunguka, lakini ile sehemu ya kuifundisha timu msimu mzima imefungwa mpaka iongee kwanza na seva, yaani kompyuta ya kampuni iliyoko mtandaoni. Ile unacheza peke yako dhidi ya mashine! Hakuna mtu mwingine ndani yake! Seva ya nini?

Na hapo bado una nafuu, kwa sababu seva ipo. Siku wakiizima je? Walionunua The Crew wanajua. Ni gemu ya magari ya Ubisoft ya Desemba 2014, unaendesha Marekani nzima, na safari yote unaweza kuipiga peke yako. Lakini waliitengeneza isiwake bila seva yao. Desemba 2023 wakaacha kuiuza, tarehe 31 Machi 2024 wakazima seva. CD hazijakwaruzwa, mashine ni nzima, gemu haichezeki tena. Walionunua kwa mtandao wakakuta hata leseni imeondolewa kwenye akaunti zao. Wachezaji wawili wa California wakaenda mahakamani Novemba mwaka huo, na utetezi wa kampuni ukawa kwamba wateja walipewa leseni ya kutumia, hawakuuziwa gemu yenyewe. Watu walitoa hela dukani, wakapewa boksi, wakaenda nalo nyumbani, halafu wanaambiwa hawakununua! Ukinunua sufuria Kariakoo, aliyekuuzia haji jikoni kwako mwaka wa kumi kuibeba.

California wenyewe wana sheria iliyoanza Januari 2025: anayeuza vitu vya kidijitali akitumia neno la kununua, lazima amweleze mteja waziwazi kwamba anapata leseni. Ni hatua, lakini inataka tuambiwe tu. Haimlazimishi mtu yeyote kuniachia gemu yangu.

Sisi wa huku tunaumia mara mbili. Mnakumbuka Helldivers 2, ile gemu ya vita ya Sony? Watu walilipa Februari 2024, wakacheza kwenye kompyuta zao bila shida. Mei, Sony wakatangaza kwamba kila anayeicheza kupitia Steam, lile duka la mtandaoni la gemu za kompyuta, lazima awe na akaunti ya PSN, yaani mtandao wa PlayStation. Tanzania haimo kwenye orodha ya nchi za PSN. Kenya haimo, Uganda haimo, Kongo haimo. Afrika yote iliyomo ni Afrika Kusini. Gemu ikaondolewa sokoni Steam kwenye nchi zaidi ya 170, na wachezaji wa dunia nzima wakawaka mpaka Sony wakarudi nyuma ndani ya siku chache. Nawashukuru sana waliopiga kelele, maana wengi wao hawakuguswa. Lakini orodha imebaki vilevile. Ndiyo maana wengi wetu tuna akaunti zinazosema tunaishi Marekani au Uingereza, na kadi za kununulia tunazipata kwa watu wa kati wenye cha juu chao. Akaunti ya namna hiyo ikifungwa na gemu zako zote ndani, unaenda kulalamika kwa nani?

Kwa hiyo tegemeo letu ni CD. Namaliza gemu yangu, naipeleka dukani, naongeza kidogo, naondoka na nyingine. Au naazima kwa jirani, yeye anachukua yangu. Bila hivyo mimi na kipato changu nisingecheza hata robo ya nilizocheza. Hilo nalo wanalifunga. PS5 Pro imetoka Novemba 2024 kwa karibu dola 700 na haina mahali pa kuweka CD! Kifaa cha CD unakinunua pembeni, na siku ya kukifunga lazima uwe na intaneti ndipo mashine ikikubali. Switch 2, mashine ya gemu ya Nintendo ya Juni 2025, baadhi ya kadi zake gemu haimo: unachomeka kadi, unapakua gemu nzima kwa bando lako, na kadi lazima ibaki imechomekwa kila unapocheza. Yaani hela ya kadi umetoa, hela ya bando umetoa, na siku wakiacha kuiweka mtandaoni unabaki na kadi tupu.

Najua atakuja mtu hapa aseme seva zina gharama, kampuni haiwezi kuziwasha milele. Hakuna aliyeomba milele. Mmarekani Ross Scott alianzisha kampeni ya Stop Killing Games mwaka 2024 baada ya The Crew, na kinachodaiwa ni kidogo mno: mkitaka kuzima, zimeni, ila iacheni gemu katika hali ya kuchezeka. Toeni apdeti moja ya mwisho inayoondoa ulazima wa seva, basi. Ombi lao kwa Umoja wa Ulaya lilivuka saini milioni 1 kabla ya kufungwa Julai 2025. Huku kwetu sijaona mtu wa kulinda haki za mlaji akiligusa jambo hili, wakati CD zinauzwa madukani kila siku na kodi inakatwa.

Mimi nimeshaamua: gemu isiyowaka bila intaneti, hata kama naicheza peke yangu, sinunui tena. Wenye maduka ya gemu, mwambieni mteja kabla hajatoa hela kama CD ina gemu kamili au ina kipande tu. Mnajua, mnazijaribu wenyewe.

Na wakuu mlio na PS4 au PS5, wekeni hapa majina ya CD mlizozijaribu bila intaneti kabisa, na mseme sehemu gani zinafunguka na zipi zinakataa.