Mume wangu anataka nimkabidhi kadi yangu ya kura mpaka uchaguzi upite: naombeni ushauri

Bint Wete

Assalaam alaykum ndugu zangu. Nalileta jambo hili hapa kwa sababu nikilipeleka kwetu litageuka la ukoo, na nikilipeleka kwa wakwe zangu litageuka la chama, wakati mimi nataka libaki la mke na mume.

Nimezaliwa Wete, Pemba, katika nyumba ambayo baba na ami zangu walikuwa wafuasi wa CUF, chama cha upinzani, tangu mfumo wa vyama vingi uliporudi mwaka 1992. Machi 2019, kiongozi wao Maalim Seif alipohamia chama cha ACT-Wazalendo na watu wakasema «shusha tanga, pandisha tanga», karibu nyumba nzima ilihama naye. Mume wangu ni mtu wa Unguja mjini, mtumishi wa Serikali, na marehemu baba yake alikuwa mwanachama wa Afro-Shirazi, chama kilichotawala Zanzibar kabla CCM haijazaliwa mwaka 1977. Tulioana baada ya kura ya maoni ya Julai 2010, katika kipindi kile cha mwanzo cha Serikali ya Umoja wa Kitaifa ambapo wazee wa pande zote mbili waliweza kula sahani moja bila ya kuulizana chama, na posa yangu ilipokewa kwa furaha.

Kwa miaka mingi tumeishi vizuri. Ni baba mzuri, anatunza nyumba, na hajawahi kumvunjia heshima mama yangu. Lakini kila uchaguzi unapokaribia anakuwa mtu mwingine. Safari hii ameniletea kanga ya chama akitaka niivae kwenye mkutano wa hadhara. Kisha ameniomba nimpe kadi yangu ya kupigia kura aifungie kwenye kabati lake. Nilipokataa, akasema kwa hasira, «Ukimpigia kura mtu wenu, ujihesabu umeachika.» Mwanetu mkubwa alikuwa sebuleni akasikia, na usiku aliniuliza kama bibi yake wa Wete ni adui.

Siombi kuambiwa nimchague nani. Naomba kuambiwa nyumba yenye itikadi mbili inaishi vipi, na maneno yale niyachukulieje.

Mwenye Nyumba

Pole dada, ila tuambiane ukweli. Nyumba ina kiongozi mmoja, na mke aliyekubali posa alikubali pia kumsikiliza mume. Kama kura yako italeta fitina, bora uiache kuliko kuivunja ndoa kwa ajili ya wanasiasa ambao baada ya uchaguzi watakaa pamoja serikalini huku wewe umeachika.

Bi Mkubwa wa Ng'ambo

Ndugu yangu Mwenye Nyumba, nakuheshimu, lakini siwezi kuyaacha maneno yako yapite. Kumtii mume hakumfanyi mke kuwa hana akili yake wala dhamiri yake. Masheikh wetu wengi wanafundisha kwamba kura ni amana, na amana haishikwi na mtu mwingine kwa niaba yako. Isitoshe, unamwambia yeye aache kura ili amani ipatikane, lakini humwambii mumewe aache vitisho. Baada ya uchaguzi wa mwaka 2015 zilitangazwa habari za wanawake wa hapa kwetu walioachwa kwa sababu walipiga kura kinyume na matakwa ya waume zao. Wanawake wale walibaki na watoto, na sijaona chama hata kimoja kilichokwenda kuwalipia kodi ya nyumba.

Dada, kadi usiitoe. Imeandikwa jina lako. Ukishaikubali ifungiwe kwenye kabati la mtu mwingine, mwakani itakuwa kitambulisho cha Mzanzibari Mkaazi, kisha itakuwa kadi ya benki. Na kura ni siri: ingia chumba cha kura, mpigie unayemtaka, toka, rudi nyumbani upike. Hakuna anayeweza kujua.

Mzee wa Barazani

Mwanangu Bint Wete, wa alaykumu salaam. Nimesoma maneno ya Bi Mkubwa na mengi nakubaliana nayo, lakini hapo aliposema kura ni siri na kwa hiyo jambo limekwisha, naomba asimame kidogo, kwa kuwa kuna suala zito ambalo wengi hulipita bila ya kuliona.

Mumeo hakusema, «Nikijua umempigia.» Amesema, «Ukimpigia.» Katika fiqhi, yaani elimu ya sheria ya Kiislamu, hii inaitwa talaka iliyotundikwa kwenye sharti, na katika madhehebu ya Imamu Shafi, ambayo ndiyo tunayoifuata sehemu kubwa ya visiwani na mwambao, asili ya hukumu ni kwamba sharti likitimia talaka inaanguka, awe mume amejua au hakujua. Maana yake ni kwamba siri ya chumba cha kura inakulinda mbele ya watu na mbele ya sheria ya uchaguzi, lakini haimalizi suala la ndoa. Unaweza kurudi nyumbani ukaendelea kuishi na mtu huku moyoni hujui kama ni mumeo.

Usifanye haraka ya kukata tamaa, vilevile. Neno «ujihesabu umeachika» si sawa moja kwa moja na «umeachika». Mahali pengine tamko huwa la wazi na mahali pengine hutegemea nia ya msemaji. Wapo pia wanazuoni wanaotofautisha kati ya mume aliyekusudia kuacha na mume aliyekusudia kuzuia na kutisha tu, na kwa huyu wa pili wanaliona lile tamko kuwa ni kiapo chenye kafara. Mimi si kadhi, na barazani si mahali pa kutoa hukumu juu ya ndoa ya mtu. Nendeni Mahakama ya Kadhi, au kwa sheikh mnayemwamini nyote wawili, kabla ya siku ya kupiga kura, na mumeo aeleze kwa kinywa chake alisema nini na alikusudia nini. Baada ya siku hiyo suala litakuwa gumu zaidi.

Na wewe Mwenye Nyumba, mume anayeyaweka maneno ya talaka juu ya karatasi ya kura anacheza na jambo ambalo Mwenyezi Mungu ameliwekea mipaka. Huyo ndiye wa kuonywa kwanza.

Mke wa Kada

Mimi ni mwanamke wa Unguja, mume wangu ni CCM wa damu na mimi tangu ujana ni wa upinzani, na bado tupo pamoja. Nitasema tulivyofanya, wala sidai kwamba kila nyumba itaweza.

Kwanza tulikubaliana kwamba hakuna anayemwuliza mwenzake amempigia nani, hata kwa utani. Watu husahau kwamba mpiga kura wa Zanzibar anapewa karatasi tano: Rais wa Muungano, mbunge, Rais wa Zanzibar, mwakilishi na diwani. Kwa hiyo hata swali lenyewe, «Umempigia nani?», halina jibu moja, na mimi ninajua watu wengi ambao karatasi zao hazifanani. Pili, wageni wa chama hawapokelewi sebuleni wakati watoto wapo. Wa kwake anakwenda nao maskani ya chama, wa kwangu nakutana nao kwao. Kuhusu kanga na fulana, kila mtu anavaa zake na hamnunulii mwenzake.

Kilichotuumiza zaidi hakikuwa kupiga kura kwenyewe, bali zile siku za kusubiri matokeo. Tarehe 28 Oktoba 2015, mwenyekiti wa Tume ya Uchaguzi ya Zanzibar alipotangaza kufuta uchaguzi, mume wangu alikaa kimya na mimi nililia mbele yake. Hakunicheka. Alizima redio, akawachukua watoto akatoka nao. Uchaguzi wa marudio wa Machi 2016 yeye alikwenda kupiga kura na mimi nilibaki nyumbani kwa sababu chama changu kilisusia, na hakuna aliyemtolea mwenzake neno. Heshima ya namna ile ndiyo iliyotuweka. Tungebishana siku ile kuhusu nani alistahili kushinda, sidhani kama leo ningekuwa naandika haya.

Jambo moja zaidi, na hili naliona kubwa: jitoeni kwenye makundi ya WhatsApp ya ukoo yanapoanza matusi. Maneno mengi ambayo mume humwambia mke katika msimu huu si yake, ameyasoma saa moja kabla.

Mtumishi Mjini

Naomba niseme kwa upande wa wanaume, hasa sisi tulio Serikalini, bila ya kumtetea bwana huyu kwa vitisho vyake. Dada, umeandika kwamba mumeo ni mtumishi na kwamba hubadilika kila uchaguzi unapokaribia. Umewahi kumwuliza anaogopa nini? Mtu mwenye mke wa Wete, mwenye shemeji wanaojulikana kwa itikadi yao, huulizwa maskani na huulizwa kazini. Huambiwa kwamba ameshindwa kuiongoza nyumba yake. Huhesabu kwamba kupandishwa cheo kwake au uhamisho wake unaweza kutegemea nani ameonekana kwenye mkutano akiwa amevaa kanga gani. Inawezekana ile kanga aliyokuletea haikuhusu imani yake ya kisiasa hata kidogo, bali alitaka uonekane.

Kama ni hivyo, mnabishana juu ya CCM na ACT wakati mazungumzo yanayotakiwa ni juu ya mshahara na majina ya watu wanaomsumbua. Kaa naye wakati ametulia, mwulize nani amemwambia nini. Unaweza kukataa kuvaa kanga na kukataa kutoa kadi, na papo hapo ukamwahidi jambo lililo ndani ya uwezo wako, kwa mfano kwamba hutaonekana jukwaani wala hutaandika chochote mtandaoni kwa jina linalojulikana. Hiyo ni stara kwake, na haikunyimi kura yako.

Mama wa Nakuru

Mimi ni Mkenya, Mkikuyu niliyeolewa na Mjaluo, na nimesoma uzi huu kwa makini kwa kuwa hofu hii naijua. Baada ya matokeo ya uchaguzi kutangazwa tarehe 30 Desemba 2007, watu zaidi ya elfu moja waliuawa nchini kwetu, na hapa Bonde la Ufa kulikuwa na nyumba za ndoa za mchanganyiko zilizovunjwa na jamaa zaidi kuliko na wenye ndoa wenyewe. Mke aliitwa kwao, mume akaitwa kwao, kila mmoja akaambiwa kwamba analala na adui. Viongozi walitia sahihi mkataba tarehe 28 Februari 2008 wakagawana serikali. Waliotengana hawakuletewa mkataba.

Ushauri wangu ni kuhusu huyo mtoto. Mpigieni simu bibi yake wa Wete, baba mwenyewe ndiye ashike simu, azungumze na mama mkwe kwa heshima aliyoizoea, mtoto akisikiliza. Mtoto wa umri huo hataelewa mkimweleza habari za vyama, lakini ataelewa baba akisema «Shikamoo mama.» Kwetu tulifanya hivyo kila jioni wakati barabara zimefungwa.

Bint Wete

Nimesoma yote na Mwenyezi Mungu awalipe kheri. Naomba nijibu machache.

Mzee wangu wa Barazani, sikuwa nimeliona suala la sharti kabisa, na nilikuwa nimeshaamua kufanya alivyosema Bi Mkubwa, nipige kura ninyamaze. Nilipomweleza mume wangu jana kwamba maneno yake yanaweza kuwa talaka hata asipojua nimempigia nani, alinyamaza muda mrefu, kisha akasema hakukusudia kuacha, alitaka kunizuia tu. Nimemwomba akaseme hivyohivyo mbele ya kadhi, na amekubali kwa sharti kwamba kaka yake mkubwa aende naye.

Mtumishi Mjini, nilimwuliza ulivyoniambia. Hakutaja majina, lakini alisema yapo maneno yanasemwa kazini, na ndiyo mara ya kwanza kuniambia. Nimemwahidi kwamba sitavaa sare ya chama chochote na sitakwenda kwenye mkutano wowote, wake wala wa kwetu. Ameirudisha kanga ndani ya mfuko. Kuhusu kadi bado hajaridhika. Ninayo mimi, na nimemwambia kwa upole kwamba itabaki kwangu.

Naomba jambo moja la mwisho: tukienda kwa kadhi tuchukue nini, na je, nami niruhusiwe kusema au ni yeye peke yake?

Mzee wa Barazani

Chukueni cheti chenu cha ndoa na vitambulisho vyenu, na mwende nyote wawili. Mumeo ndiye atakayeulizwa juu ya tamko na nia, kwa kuwa ni lake, lakini wewe una haki ya kusema ulichokisikia, na useme maneno yaleyale uliyoyaandika hapa bila ya kuyapunguza kwa kumwonea huruma, maana hukumu itasimama juu ya maneno hayo. Mwambie pia shemeji yako asimjibie ndugu yake. Kabla ya kutoka, mwombeni kadhi awaandikie alichokisema, na karatasi hiyo ibaki nyumbani.

Mwenye Nyumba

Dada, nilisema uiache kura. Baada ya kusoma maelezo ya Mzee nimeona kwamba ushauri wangu ungekuwekea amani ya nje tu, na tamko lile lingebaki linaning'inia hadi uchaguzi mwingine. Nendeni kwa kadhi. Nakuombeeni.