Nairobi hadi New York: je, safari ni ya saa saba au kumi na tano?

Swali (Binti wa Kisauni)
Habari zenu, ndugu zangu. Mama yangu atasafiri mwezi wa Januari kwa ndege ya moja kwa moja kutoka Nairobi kwenda New York, na tiketi yake inaonyesha kuondoka 23:25 na kufika 06:25 siku inayofuata. Nikihesabu napata saa saba, lakini jirani aliyewahi kwenda huko anasema alikaa angani karibu saa kumi na tano. Nauliza kwa sababu mama humeza kidonge cha presha kila siku saa tatu usiku, nami nisingependa akikose akiwa njiani.

Jibu (Mwalimu wa Jiografia)
Dada, jirani yako amesema kweli. Muda wa kuondoka ulioandikwa kwenye tiketi ni wa Nairobi, na wa kufika ni wa New York, ambayo mwezi wa Januari iko nyuma yetu kwa saa nane. Mama akitua huko saa kumi na mbili na dakika 25 asubuhi, kwenu Kisauni itakuwa saa nane na dakika 25 mchana; ukihesabu tangu saa tano na dakika 25 usiku, unapata saa kumi na tano kamili. Umbali wenyewe, kwa njia fupi kuliko zote, ni takriban kilomita 11,840. Ukivuta uzi juu ya tufe la dunia kati ya miji hiyo, utaona unapita Sudan Kusini, Chad, Algeria na Morocco kabla ya kuingia Atlantiki, ingawa kwenye ramani bapa njia hiyo huonekana imepinda. Ndege kubwa hukimbia kama kilomita 900 kwa saa, lakini katika anga za juu kuna upepo mkali unaovuma kutoka magharibi kuelekea mashariki, ambao humkabili rubani anapokwenda Marekani na kumsukuma anaporudi. Ndiyo maana safari ya kurudi huwa fupi zaidi.

Jibu (Msafiri wa Mara kwa Mara)
Naongeza jambo moja ambalo mama afaa kuambiwa mapema: atasafiri gizani njia nzima, kwa kuwa ndege inalifuata giza kuelekea magharibi, na jua la Januari huko huchomoza baada ya saa moja asubuhi. Nilipopita njia hiyo niliamka mara tatu nikidhani kumekucha, na kila nilipofunua dirisha nikakuta usiku uleule. Asibadilishe saa yake ya mkononi mpaka atue, na dawa zikae kwenye mkoba anaoingia nao ndani, si kwenye sanduku linalopimwa uzito.

Binti wa Kisauni
Ahsanteni sana. Sasa hesabu imekaa sawa: kidonge cha siku ya safari atakimeza uwanjani saa tatu usiku, kabla ya kupanda, na kinachofuata kitaangukia saa saba mchana wa New York, akiwa ameshafika kwa mdogo wangu. Kuhusu kukirudisha usiku wa huko, nitamuuliza daktari wake kliniki wiki hii.