Tangi la lita 120: samaki wanapumulia juu, na nani akae na nani?

Kisima

Wakuu habari, naomba msaada kabla sijapoteza samaki wote.

Tangi ni la kioo: urefu sm 100, upana sm 30, kimo sm 40. Mchanga sm 4, filta ya ndani ya lita 600 kwa saa, hita ya wati 100, mimea hakuna. Lilijazwa maji ya bomba siku 9 zilizopita, samaki wakaingia kesho yake: neoni 10, skalari wadogo 2, samaki wa dhahabu 2, mbuna wa njano 3 na pleko mmoja. Mpaka leo wamekufa neoni 3, na mwingine mmoja haonekani kabisa. Waliobaki wanapumulia juu, zaidi asubuhi, na matamvua yamekuwa mekundu. Madoa meupe hakuna.

Vipimo vya leo: joto 26, pH 7.8, ugumu digrii 14, amonia 2 mg kwa lita, nitriti 0.25, nitrati 0. Filta naiosha bombani kila siku tatu ili ibaki safi. Jana nimeweka dawa ya bluu.

Huu ni ugonjwa gani? Na je, hawa wanaweza kukaa pamoja? Kama hapana, nibaki na wepi?

FundiFilta

Mkuu, hakuna ugonjwa hapo. Tangi halijaiva, na filta unayoisafisha ndiyo unayoiua.

Samaki anatoa amonia kwenye matamvua saa zote, na chakula kinachooza chini kinaongeza. Kwenye tangi lililoiva kuna bakteria waliojishika kwenye sponji ya filta. Kundi moja linageuza amonia kuwa nitriti, kundi la pili linageuza nitriti kuwa nitrati, ambayo samaki anaivumilia vizuri ikikaa chini ya 40. Makundi hayo huchukua wiki 4 hadi 6 kukua. Hiyo nitriti yako ya 0.25 inaonyesha kundi la kwanza lilishaanza kazi, halafu kila siku tatu linakutana na klorini ya bomba. Dawa ya bluu nayo inawaumiza walewale.

Usiangalie namba ya amonia peke yake, iangalie pamoja na pH. Inayochoma matamvua ni amonia huru, yaani ile isiyogeuka kuwa amoniamu, na sehemu yake hupanda karibu mara kumi kila pH inapopanda kwa 1. Kwa joto la 26, pH 7 ina amonia huru isiyofika asilimia 1 ya ile unayopima. Kwa pH 7.8 yako ni kama asilimia 4. Kwa hiyo 2 mg yako inatoa karibu 0.08 mg ya amonia huru kwa lita, wakati hata 0.02 ikikaa muda mrefu inadhuru. Ndiyo maana wanapanda juu ingawa hewa ipo.

Fanya hivi leo, usisubiri kesho:

Toa nusu ya maji, weka mapya. Amonia itashuka hadi 1. Kesho toa nusu tena, na uendelee kila siku mpaka isomeke chini ya 0.5. Maji mapya yasipishane na ya tangini zaidi ya digrii 2, na yawe yametiwa dawa ya kuondoa klorini. Weka mkaa wa filta kwa siku mbili utoe hiyo dawa ya bluu, kisha uutupe. Elekeza mdomo wa filta juu kidogo mpaka uso wa maji utikisike. Chakula simamisha siku mbili, kisha toa kidogo siku moja ndiyo, moja hapana.

Mtafute huyo neoni aliyepotea. Angalia nyuma ya filta na chini ya hita, maana mzoga mmoja unaweza kuharibu kazi yote ya kubadilisha maji.

Baada ya siku kadhaa nitriti itapanda, usishtuke. Nitriti inaingia mwilini kupitia matamvua na kuifanya damu ishindwe kubeba oksijeni, ila kloridi inaizuia mlangoni. Gramu 1 ya chumvi kwa lita inatosha. Ukitoa mchanga na vifaa, tangi lako lina kama lita 100 za maji halisi, kwa hiyo ni gramu 100. Iyeyushe kwenye jagi kwanza, uimwage kwa awamu tatu siku nzima. Ukibadilisha maji nusu unarudisha gramu 50 tu. Watu wengi hurudisha 100 kila mara na kuishia na maji ya bahari.

Sponji ioshwe pale tu mkondo unapodhoofika: chota ndoo ya maji ya tangini, ikamue humo mara mbili tatu, irudishe. Ikibaki ya kahawia ni sawa. Kwa afya ya tangi, sponji nyeupe ni habari mbaya.

Mchanga_na_Mawe

FundiFilta kamaliza upande wa maji. Mimi nije kwenye orodha, maana hapo hata tangi likiiva bado kuna vita.

Wengi huchagua samaki kwa rangi, kisha wanauliza kama "wanapatana". Anza na maji yanayotoka bombani kwako, kisha joto, kisha mdomo wa mkubwa ukilinganisha na mwili wa mdogo. Tabia inafuata baadaye. Maji yako ni magumu na yana pH 7.8. Usijaribu kuyashusha kwa dawa: madini yaliyomo yataivuta pH irudi juu ndani ya siku moja mbili, na huko kupanda na kushuka ndiko kunakoua kuliko 7.8 yenyewe. Chagua samaki wanaoyapenda maji uliyonayo.

Samaki wa dhahabu watoke kwanza. Wanataka digrii 18 hadi 22, wanafika sm 20 na zaidi, na wawili hao wanachafua maji kuliko neoni wote kumi.

Neoni ni wa Amazon, maji laini yenye pH 6 hadi 7. Kwenye 7.8 wanaweza kuishi wakizoeshwa, lakini wewe unao na skalari. Neoni mzima ana kama sm 3 na ni mwembamba, anapita kwenye mdomo wa skalari bila shida. Sasa skalari wako ni wadogo, baada ya miezi kadhaa utakuwa unahesabu neoni kila asubuhi. Na skalari mzima, kuanzia ncha ya pezi la juu hadi la chini, anapita sm 20, wakati kimo chako cha maji halisi ni kama sm 34. Akikua atabanwa humo.

Mbuna wa njano (*Labidochromis caeruleus*) anatoka Ziwa Nyasa na maji yako anayapenda. Ni mpole, lakini mpole kwa kipimo cha mbuna, jamii ya samaki wa mawe wagomvi! Skalari mwenye mapezi marefu yanayopepea kwake ni mwaliko. Pia upana wa sm 30 hautoshi kupanga mawe ili anayefukuzwa akimbie asionekane. Mbuna wape tangi la lita 200 kwenda juu, dume mmoja kwa majike watatu au zaidi.

Pleko: hesabu miale ya pezi la mgongoni. Ikifika 10 au zaidi ni *Pterygoplichthys*, anayepita sm 30, huyo hana maisha humo. Ukimkosa wa kusafisha mwani, *Ancistrus* anaishia sm 12 hadi 15 na dume hutoka ndevu puani.

Kwa maji hayo na kioo hicho naona njia mbili. Ya kwanza ni gapi 8, koridora wa shaba (*Corydoras aeneus*) 6 na *Ancistrus* mmoja. Gapi wawe madume 2 na majike 6, au madume watupu. Madume wengi kwa majike wachache, jike hapumziki mpaka anakufa. Na usidhani ukinunua majike peke yao umeepuka watoto: jike huhifadhi mbegu za dume miezi kadhaa, anazaa kila baada ya wiki 4 hivi. Usiwachanganye na barbu mwenye milia, huyo ni mla mapezi.

Njia ya pili, na mimi ningeichukua hii, ni samaki wadogo wa magamba kutoka Ziwa Tanganyika, *Neolamprologus multifasciatus*. Dume hafiki sm 5, jike mdogo zaidi, na wanaishi ndani ya magamba matupu ya konokono.

NdooMbili

Nyongeza mbili. Wengine hukwambia maji ya bomba uyaache kwenye ndoo wazi saa 24. Hiyo inafaa kwa klorini ya kawaida, hasa ukiweka jiwe la hewa. Kama maji yenu yanatiwa kloramini, yaani klorini iliyofungwa na amonia, saa 24 hazisaidii, lazima dawa. Soma lebo: nyingine zinaondoa klorini tu na kukuachia amonia iliyokuwa imefungwa nayo.

La pili, samaki wapya wakae tangi la pembeni wiki 2 hadi 4, hata kama ni lita 30 na sponji ya hewa. Madoa meupe yakitokea huko, dawa inaua kimelea kinapoogelea tu. Kikiwa chini ya ngozi hakiguswi, kwa hiyo usikatishe dawa siku madoa yanapopotea.

Kisima

Asanteni sana wakuu. Nimebadilisha nusu leo na jana, amonia sasa 0.5, hawapandi juu tena. Neoni alikuwa nyuma ya filta, ameoza. Samaki wote narudisha wikiendi hii. Nimependa njia ya pili. Nipangeje, na tangi liendelee kuiva vipi bila samaki?

FundiFilta

Bila samaki ni rahisi zaidi. Weka amonia safi isiyo na sabuni wala manukato mpaka kipimo kisome 2 mg kwa lita. Itikise chupa kwanza. Povu likikaa, hiyo ina sabuni, iache. Ikishuka sifuri, rudisha 2. Tangi limeiva siku ambayo hiyo 2 inaisha ndani ya saa 24 na nitriti pia iko sifuri. Hapo badilisha maji karibu yote kushusha nitrati, ndipo uingize samaki. Filta isizimwe. Umeme ukikatika saa nyingi, sponji iliyofungiwa kwenye boksi inakosa oksijeni, itoe iwe wazi ndani ya maji.

Mchanga_na_Mawe

Mpangilio: kama unataka mawe, yaweke juu ya kioo kabla ya mchanga. Ukiyaweka juu ya mchanga watayachimba chini mpaka yaanguke. Mchanga uwe laini, sm 7. Una 4, kwa hiyo ongeza 3 kwenye eneo la sm 100 × 30, yaani lita 9, kama kilo 14 ukiwa mkavu. Mchanga mkali wenye ncha usitumie, maana wanauchota kwa mdomo. Samaki anajaza mdomo, anarudi nyuma, anatema, anarudia, mpaka gamba linazama na kubaki tundu lake tu usawa wa mchanga. Mimea ya mizizi itang'olewa. Anubia iliyofungwa kwa uzi juu ya jiwe inabaki, ila shina lake usilifukie, litaoza.

Magamba yawe matatu kwa kila samaki, tundu la sm 2 hivi. Yachemshe dakika 10, kisha nusa moja moja: lenye harufu lina nyama ndani, litakuletea amonia upya. Anza na wachanga 8, wataoana wenyewe. Upande wa pili wa tangi, kwenye mawe, jozi moja ya *Julidochromis transcriptus* inakaa vizuri, ila acha sm 40 za mchanga mtupu katikati uwe mpaka.

Chakula kiwe cha unga au kamba wadogo waliototolewa, kinachoisha ndani ya dakika 2. Funika mdomo wa filta unaovuta maji kwa sponji kabla hawajazaa, watoto wana milimita chache tu. Na siku ukitaka kumhamisha mmoja usimkimbize na wavu. Atajifungia ndani. Inua gamba lenyewe, lisogeze kwenye tangi jipya, uligeuze tundu chini kidogo juu ya maji. Maji yakimwagika naye anateleza nayo.